Ng'ombe wa Kibet Aliyekataa Kushika

Mwezi uliopita nilirudisha mtungi wangu ofisini, nikatia sahihi kwamba hauna ufa, na hivyo ndivyo ilivyokwisha kazi yangu ya AI, yaani kuwapandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija. Nyinyi vijana mlionirithi mliniandalia soda na keki, mkanipa blanketi, na mmoja wenu akaniomba niseme neno la hekima. Siku ile sikuwa nalo. Keki ilikuwa kavu na macho yangu yalikuwa yanatafuta maji. Sasa nina nafasi, na mke wangu Esther amechoka kuniona nikizunguka boma nikikagua ng'ombe ambao hawana shida, kwa hiyo naandika.

Ya vyeo sitayagusa. Nilianza nikiwa mpandikizaji na nimemaliza nikiwa mpandikizaji; kilichobadilika ni mgongo. Ninachotaka kuwaachia ni kisa kimoja, pamoja na mambo machache yanayokizunguka ili kieleweke. Wenyewe wameniruhusu nikisimulie. Mke mwenye kisa aliomba tu nisimnenepeshe.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nyakundi, Mkisii aliyekuja huku zamani kuchuma majani kwenye mashamba makubwa ya chai, kisha akahamia kwa ng'ombe kwa sababu, alivyosema, ng'ombe hawapigi filimbi asubuhi. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mkulima mmoja juu ya Kedowa. Alinivisha glavu ya plastiki inayofika begani, akanipaka sabuni, akaniambia niingize mkono wa kushoto nyuma ya ng'ombe nimsalimie. Nilitakiwa nishike shingo ya mji wa mimba kupitia ukuta wa utumbo, ili mkono wa kulia upitishe mrija mle kwa bunduki yetu ndefu nyembamba. Ukishika kitu kama shingo ya kuku, alisema, umefika. Mimi sikushika kuku. Nilishika kinyesi cha asubuhi nzima, na ng'ombe akaketi chini mkono wangu ukiwa bado ndani. Mwenye boma alituletea chai, akanipa kikombe kwa kunyoosha mkono kabisa, kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua. Tangu siku hiyo hakuna aliyenipa mkono bila kuangalia kwanza ni upi ninaoutoa, na hata kanisani tukiambiwa tusalimiane watu husita kidogo.

Kwa msomaji asiye wa kazi hii, niseme joto ni nini. Ng'ombe jike hamtaki dume kila siku. Kila baada ya wiki tatu hivi anapata saa chache za kumtaka, na hizo ndizo joto. Anapiga kelele bila sababu, maziwa yanapungua, anawapanda wenzake, na dalili ya hakika ni kwamba akipandwa yeye anasimama tuli kama mtu anayepimwa suti. Nyuma hutoka ute safi unaovutika, mfano wa ule wa yai bichi. Yai lake lenyewe linakuwa bado. Linatoka joto likishapoa, na mbegu inatakiwa iwe imefika mapema inangoja. Ndiyo maana tunasema ukimwona asubuhi apandikizwe jioni, ukimwona jioni apandikizwe kesho yake asubuhi. Mzee Nyakundi alisema mgeni mwenye adabu hufika kabla chakula hakijaiva.

Halafu kuna damu. Siku moja au mbili baada ya joto, ng'ombe wengi hutokwa na damu kidogo mkiani. Mkulima akiiona anaruka kuniita, nami nafika kumwambia kwamba amechelewa na arudi kwa shughuli zake. Nilichoka kuifukuzia damu milima hii yote, nikaanza kufundisha kwenye kituo cha maziwa, asubuhi, akina mama wakingoja maziwa yao yapimwe. Niliwaambia hivi: ukiona damu, jua joto lilikuwa jana au juzi na yai limeshakwenda, kwa hiyo mara nyingine uwe macho siku chache kabla ya damu. Waliitikia vizuri sana. Katika hotuba ile nilitaja neno ng'ombe mara nyingi, na hilo naomba lijulikane.

Jambo lingine alilonifundisha Nyakundi ni kutolaumu haraka. Mbegu hukaa ndani ya mtungi wenye nitrojeni, baridi ambayo ikikugusa inaunguza kama moto. Nitrojeni ikipungua mbegu zinakufa, na kwa macho mrija wa mbegu hai na wa mbegu mfu ni sawa. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetaka kumuuza ng'ombe wake kwa mchinjaji kwa sababu alipandikizwa mara nne asishike mimba. Nyakundi hakumgusa ng'ombe. Aliomba kijiti, akakitumbukiza kwenye mtungi wa mpandikizaji aliyekuwa akija pale, akakitoa kikiwa kikavu. Mtungi kwanza, ng'ombe baadaye, aliniambia tukirudi. Kila mara anayeshtakiwa ni jike kwa sababu ndiye anayeonekana.

Na mwisho ni gunia. Simu zilikuwapo miaka yote ya karibuni, lakini salio halikuwapo kila siku, kwa hiyo wateja wangu walikuwa na desturi. Mwenye ng'ombe wa joto alitundika gunia jeupe langoni, nami nikipita na pikipiki nilijua pa kuingia. Kijiji kizima pia kilijua, lakini joto la ng'ombe si siri ya mtu.

Basi asubuhi moja, upande ule wa Longisa, niliona gunia langoni kwa kina Kibet. Lilinishangaza, kwa sababu ng'ombe wao nilimpandikiza mimi, na nilikuwa nimempima kwa mkono nikajua ana mimba. Muwe waangalifu hapo, vijana. Ng'ombe mwenye mimba anaweza kuonyesha joto la uongo, na ukimpandikiza unaitoa mimba uliyoiweka mwenyewe. Niliingia kwa haraka. Nilimkuta Nancy, mke wa Kibet, amesimama kando ya zizi na beseni ya machicha. Niliweka chupa yangu ya maji ya uvuguvugu, nikavaa glavu hadi begani, nikauliza mgonjwa yuko wapi.

"Sio ng'ombe, Daktari," akasema. "Ni mimi."

Nilirudisha mkono wenye glavu nyuma ya mgongo. Nilitafuta mahali pa kuangalia, nikamwangalia ng'ombe, naye alikuwa ananiangalia mimi.

Alinieleza akitazama beseni. Kibet hufanya kazi kiwanda cha chai huko Kericho, anatia kuni kwenye boila, na analala kwenye nyumba za wafanyakazi. Siku zake za mapumziko ni chache kwa mwezi. Sasa Nancy alinisikia kituoni nikisema habari za damu, na mume na mke wakakaa wakapanga. Kila mwezi Kibet alibadilishana zamu na wenzake ili afike nyumbani siku chache kabla ya damu ya mkewe. Damu ikitoka, anafunga begi anarudi kazini, kwa kuwa yai limeshakwenda na hakuna haja ya kupoteza likizo.

"Tumefuata ile masomo yako huu ni mwaka ya tatu," akasema. "Hata siku moja hatujakosea. Na hakuna kitu."

Sikucheka. Naomba nisifiwe kwa hilo, maana mbavu ziliniuma kama za mtu aliyepigwa teke. Kicheko kiliniisha chenyewe aliponieleza la pili. Mama yake Kibet, Kogo Rael, yaani Nyanya Rael, alikuwa amempata msichana huko Kedowa wa kuwa mke wa pili. Chai ikilipa bonasi, wazee watakwenda kuposa. Kibet hakukubali, lakini hakukataa pia, na Nancy alijua kwamba mwanamume asiyekataa ameshakubali nusu. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye machicha. Nilimhurumia sana, na nilimwogopea.

Nilimwambia mimi ni wa miguu minne, aende hospitali. Akasema muuguzi wa zahanati ya karibu anaimba kwaya pamoja na Kogo Rael, na kwenda mbali zaidi lazima aseme anakwenda kufanya nini. Hapo nikakumbuka kwamba nyumba yangu ina wataalamu wawili. Esther amekuwa muuguzi wa kliniki ya akina mama maisha yake yote, na tunapokula chakula cha jioni watoto wetu walizoea kuondoka mapema kwa sababu ya mazungumzo. Nikamwambia Nancy aje kwetu Jumapili baada ya kanisa, alete gunia kana kwamba amefuata vipando vya nepia, yale majani ya kulishia ng'ombe.

Alikuja na gunia lake. Mimi nilifukuzwa nikakate nepia, lakini dirisha la jikoni letu halina siri.

"Damu ya ng'ombe na yako si ndugu," Esther alimwambia. "Ng'ombe inatoa damu yai ikishatoka juzi. Yako ni nyumba kufagiliwa, sababu mgeni hakuja. Ukiona damu, yai ilikufa kama wiki mbili zimepita."

Akaendelea kumfafanulia polepole. Yai la mwanamke hutoka karibu wiki mbili kabla ya damu inayofuata, si baada ya ile iliyopita, na kwa kuwa mizunguko ya wanawake hailingani, mmoja hawezi kuazima hesabu ya mwenzake. Yai likitoka halimalizi hata siku nzima. Mbegu ya mwanamume ndiyo yenye subira, inaweza kungoja ndani hata siku tano. Kwa hiyo siku nzuri ni zile chache zinazotangulia yai, pamoja na siku yenyewe. Dalili yake ni ute unaokuwa mwepesi, unaoteleza na kuvutika. Kwa hesabu hiyo, Kibet wa watu alikuwa akifika nyumbani kila mwezi yai likiwa limezikwa na matanga yamekwisha.

Nancy aliuliza kama sasa mwezi huu atapata. Esther hakumdanganya. Hata watu wazima wenye afya, wakilenga siku zenyewe, miezi wanayokosa ni mingi kuliko wanayopata, na kukosa mwezi mmoja au mitatu si ugonjwa. Wengi hupata ndani ya mwaka. Mwaka ukipita mtupu, au miezi sita kwa mwanamke aliyevuka thelathini na tano, wanatakiwa wapimwe, na wapimwe wote wawili. Kwa kuwa hawa walikuwa katika mwaka wa tatu wa kulenga gizani, alitaka waende kupimwa tu ili roho zitulie. Hapo nikapaza sauti kutoka nje kwamba mtungi upimwe kwanza. Esther akafunga dirisha.

Kumwambia Kibet ilikuwa kazi yangu. Ni kijana mpole, mrefu, masikio yamesimama, na hasemi neno mpaka aligeuze mara mbili. Nilipofika kwenye kupimwa aliniambia kwamba yeye hana shida. Nikamsimulia habari za mtungi mkavu na yule ng'ombe aliyekuwa anapelekwa kwa mchinjaji. Akauliza kama yule ng'ombe alishika baadaye. Nikamwambia alizaa mara sita. Walikwenda kupimwa wote wawili, wakakutwa wazima. Nilimpongeza kwa mkono wa kulia.

Ikabaki ruhusa. Zamani siku za Kibet zilijulikana mapema na alizipanga na wenzake. Sasa alitakiwa aondoke mara tu Nancy akiona dalili, na dalili haitoi taarifa ya wiki moja. Msimamizi wake alikuwa Bwana Chumo, mtu wa Kabianga, ambaye mfanyakazi mmoja alimwomba ruhusa mkewe akiwa na uchungu wa kuzaa, akamuuliza kama ni yeye atakayezaa. Kibet alikata tamaa. Lakini mimi Chumo nilimjua kwa upande mwingine. Ana ng'ombe wa maziwa wanne, na mara moja alitoka katikati ya harusi ya mpwa wake kwa sababu mmoja alisikika akilia. Nikamwambia Kibet amwambie ng'ombe yuko joto. Mimi ni mzee wa kanisa, na nilijitetea moyoni kwamba sikudanganya, nilishauri tu.

Mara ya kwanza Nancy alipiga simu kwa mlinzi wa lango la kiwanda, kwa kuwa kwenye boila hawaruhusiwi kubeba simu. Mlinzi akatembea hadi ndani akatangaza mbele ya watu wote kwamba ng'ombe wa Kibet ameanza joto. Chumo hakuuliza swali. Alimwambia aende sasa hivi, kesho atakuwa amechelewa, kisha akampeleka mwenyewe hadi barabarani kwa pikipiki yake. Kibet alipotusimulia alikuwa hajui kama acheke au atubu.

Mwezi ule Nancy hakupata. Wa pili pia. Kila mara mlinzi alitangaza, kila mara Chumo alimwachilia, na sasa kiwanda kizima kilikuwa kinafuatilia. Watu wa boila walimshauri ampe ng'ombe chumvi zaidi. Mwezi wa tatu Chumo alianza kuudhika, si na Kibet bali na mpandikizaji. Akamuuliza ni nani huyo anayemharibia ng'ombe. Kibet hakuwa amejiandaa, akataja jina langu.

Hapo ndipo nilipoanza kulipia ushauri wangu. Kiwanda hupokea majani ya vilima vyote hivi, na neno likiingia pale linarudi na malori hadi kila kituo cha kununulia majani. Ikasemwa kwamba mkono wangu umezeeka. Nilianza kuona magunia yakishushwa nikisikika naja, na nikishapita yanatundikwa tena kwa ajili ya mmoja wenu, nami namjua, na amenenepa kwa wateja wangu. Mama mmoja kituoni alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kwamba siku hizi miwani inapatikana Longisa. Chumo mwenyewe alinitumia ujumbe kupitia Kibet kwamba nichungulie kiwango cha nitrojeni kwenye mtungi wangu. Niliumia, sitaficha. Miaka yote ile, na sikuweza kujitetea hata kwa neno moja, maana kujisafisha mimi ni kumvua Nancy nguo mbele ya watu. Esther alicheka mpaka akakaa chini. Usiku ule ule alinipikia kuku, kwa hiyo nadhani aliona nimefanya vema.

Mwezi wa nne ulipita, na bonasi ikatoka. Kogo Rael akapanga Jumamosi ya kwenda Kedowa. Alikodi gari, akawaita wazee wawili wa kwenda kusema, na kwa kuwa nasifiwa kwa kusema vizuri, mmoja wa wazee hao nilikuwa mimi. Nilitafuta ugonjwa wa kuugua nikaukosa. Asubuhi hiyo nilikaa sebuleni kwake na kofia magotini, mbele yangu chai na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, Kogo Rael amejifunga kitambaa chake cha kanisani, gari linanguruma nje. Nancy alikuwa ametuletea vikombe na kuondoka bila kuinua macho. Tulikuwa tunamngoja Kibet tu.

Aliingia akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa gambuti badala ya viatu vya safari.

"Mama, leo siendi," akasema. "Ng'ombe iko na joto."

Mzee mwenzangu akatikisa kichwa kwa kuelewa na kuanza kutafuta fimbo yake. Lakini Kogo Rael hakusogea. Ng'ombe wa boma lile alikuwa amezaa majuma machache tu yaliyopita.

"Hii ng'ombe nakamua mimi kila asubuhi," akasema. "Nimetoka kuikamua sasa. Ni ng'ombe gani iko na joto?"

 Kibet alizoea kuinamisha kichwa mama yake akimuuliza jambo, na nilingoja akiinamishe. Hakukiinamisha. Aligeuka akatazama nyumba yake ng'ambo ya ua, ambako Nancy alikuwa amesimama mlangoni ameshika sinia tupu, halafu akamrudishia mama yake macho yale yale. Kogo Rael akanitazama mimi. Nikatazama ndani ya kikombe changu, na nadhani hicho ndicho kilichonisaliti. Yule mama amefuga tangu utotoni, na hakuna asilolijua kuhusu viumbe wanaozaa. Nilimwona akihesabu kichwani: hizo safari za ghafla za mwanawe, yule mpandikizaji asiye na kazi pale, Jumapili ile ya vipando vya nepia ambavyo havikuwahi kupandwa. Nilingoja tufukuzwe sote wawili, mimi na Kibet.

Akainua mikono akafungua kitambaa cha kichwani, taratibu, akakikunja.

"Ng'ombe ikiwa na joto haingojwi," akasema. "Kedowa itangoja."

Akatuambia tumalize chai twende zetu, akamlipa dereva nusu, akachukua kikapu mgongoni na kwenda shambani kuchuma majani, ingawa siku ile lori la majani halikuwa linapita. Nilipoondoka na pikipiki nilimwona katikati ya chai, amegeuzia boma mgongo, anachuma kwa bidii majani ambayo hayangepokelewa na mtu. Nilimheshimu kuanzia saa ile.

Mwezi uliofuata mlinzi wa lango hakuletewa ujumbe. Uliofuata pia. Chumo, kwa kuwa mfugaji hawezi kulala na swali, alimfuata Kibet kwenye boila akamuuliza habari za yule ng'ombe. Kibet akajibu ameshika. Walipiga makofi, akanieleza, hata wale wa mashine za kukausha waliacha kazi wakaja kumpa mkono. Wiki hiyo hiyo magunia yalianza kurudi langoni nikipita. Mama wa miwani aliniambia alijua tu kwamba mikono ya zamani haisahau. Chumo alinisamehe, akatuma neno kwamba kama ndama atakuwa jike, asiuzwe kwa mtu mwingine, anamtaka yeye, damu ya ng'ombe mgumu namna ile ni lazima iwe na maziwa.

Kibet alitakiwa aseme ukweli hapo. Aliahirisha. Aliahirisha mpaka miezi ikaisha, akaomba ruhusa kwa sababu ng'ombe anazaa, akapewa siku tatu na pongezi.

Sasa Jumapili moja, wiki chache baadaye, nilikuwa nimeitwa kwa kina Kibet kwa kazi halali kabisa, ng'ombe wa miguu minne. Nikiwa nanawa mikono niliona watu watatu wakiingia langoni. Wa mbele alikuwa Bwana Chumo, amevaa koti la kanisani, mkononi ana kamba mpya ya katani na bonge la chumvi. Wawili walikuwa wenzake Kibet wa boila. Kogo Rael aliwakaribisha viti nje, akawapa chai, wakasifu mahindi. Kisha Chumo akauliza ndama yuko wapi, amwone.

Kibet alinitazama. Sikuwa na ushauri mwingine, ule wa kwanza ulikuwa umenitosha. Akaingia nyumbani kwake akakawia, tukasikia sauti zikinong'ona. Walipotoka, Nancy ndiye aliyekuwa mbele, amebeba kitu kilichofunikwa shali nyeupe. Alisimama mbali kidogo na wageni, akafunua uso wa mtoto. Masikio yalikuwa yamesimama.

"Ni hii, supavaisa," Kibet akasema. "Ni ya kike."

Wale wawili wa boila walielewa kwanza, wakatazama chini. Chumo alitazama mtoto, akatazama kamba mkononi mwake, akanitazama mimi na mkono wangu wa kushoto, akarudi kwa Kibet. Nilijua mtu aweza kupoteza kazi kwa jambo dogo kuliko hilo. Kogo Rael alisogea akasimama kando ya mkaza mwanawe, bega kwa bega.

Chumo aliweka kamba chini. Akaweka na chumvi juu yake, akafuta mikono kwenye koti.

"Ungeniambia ni bibi yako," akasema polepole, "ningekataa."

Ilikuwa kweli. Akasimama, akanyoosha mikono yote miwili, akaomba amshike mtoto. Nancy alimtazama kwa muda, halafu akampa.